Polisi akikusimamisha barabarani: sheria inasema nini, na mkristo afanye nini?

Mji wetu wa Likasi unaishi kwa barabara. RN1 inatoka Lubumbashi, inafika kwetu kisha kilometa karibu 120, na kutoka kwetu njia inaendelea kuelekea Kolwezi. Mchana na usiku yanapita malori ya shaba na kobalti, basi za wasafiri, taksi za Kikula na Panda, na manseba juu ya pikipiki zao. Katika makanisa yetu, siku ya Yenga, shofere anaketi kwenye benchi moja na polisi wa barabara, yule ambaye sisi wote tunamwita rulaji. Wanaimba wimbo mmoja, wanashiriki meza moja ya Bwana. Kesho yake wanakutana kwenye njia panda, na mara nyingi undugu unaishia hapo.

Ndugu wanatuletea maulizo mawili. La kwanza: je, ni zambi kumpa polisi kitu kidogo ili aniache niende kazini? La pili: nikikataa, ana haki gani juu yangu na juu ya gari langu? Maulizo haya hayatengani. Mtu asiyejua sheria hawezi kukataa matabishi kwa moyo tulivu, kwa sababu hajui kama anayoambiwa ni sheria ao ni kitisho tu. Ndiyo maana tunaeleza hapa kwanza sheria, kisha Neno la Mungu, kisha yale ambayo kanisa linaweza kufanya.

Kazi tatu, mikono mitatu

Sheria kubwa ya barabara katika inchi yetu ni ile nambari 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978, inayoitwa Nouveau Code de la route. Juu yake kuna Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006. Kuna pia ordonansi nambari 78-289 ya tarehe 3 mwezi wa 7, 1978, inayopanga kazi ya OPJ, yaani ofisa wa polisi mwenye kuchunguza makosa. Vifungu ni vingi, lakini shofere anaweza kushika jambo moja rahisi: kosa la barabarani lina kazi tatu, na kila kazi ina mkono wake.

Kazi ya kwanza ni kuona. Hiyo ni ya polisi aliyesimama barabarani. Anasimamisha gari, anaangalia, na akikuta kosa anaandika alichoona. Karatasi hiyo ndiyo PV.

Kazi ya pili ni kuamua. Hiyo ni ya OPJ. Anasoma PV, anamsikia shofere, na kama kosa ni la kiasi anaweza kumpendekezea amandi ya kumaliza jambo bila kwenda mahakamani. Shofere akiona kwamba hakukosa, anaweza kukataa, na jambo linakwenda mbele ya parke na tribinali. OPJ hawezi kumlazimisha akubali.

Kazi ya tatu ni kupokea feza. Hiyo ni ya hazina ya serikali. Amandi inapita kwa DGRAD, idara inayokusanya mapato ya namna hiyo. Shofere anapewa karatasi yenye kiasi cha kulipa, ile inayoitwa note de perception, anakwenda kulipa benki, na anarudi na risiti. Risiti hiyo ndiyo inayofunga jambo.

Sasa angalia linalotokea kila siku. Mtu mmoja, mahali pamoja, kwa dakika tano, anaona kosa, anaamua bei, na anapokea feza mkononi. Kazi tatu zimekuwa katika mkono mmoja. Hapo hakuna amandi tena, hata kama kosa lilikuwa la kweli kabisa. Serikali haikupata kitu, barabara haikutengenezwa, na shofere hana karatasi ya kuonyesha kwamba amelipa. Mbele kidogo, polisi mwingine anaweza kumsimamisha kwa kosa lile lile.

Yale ambayo polisi ana haki ya kufanya

Tuseme ukweli wote, hata ule usiotupendeza. Polisi wa barabara ana mamlaka ya kweli. Akikuonyesha ishara ya kusimama, unapaswa kusimama. Kukimbia ni kosa lingine juu ya lile la kwanza, na kwa pikipiki ni njia ya haraka ya kwenda hospitali.

Ana haki ya kuomba mikanda: permi ya kuendesha, karte roze ya gari, asiransi, vinyeti, karatasi ya kontroli tekniki, na kwa wale wanaobeba watu kwa malipo, ruhusa ya kazi hiyo. Ana haki ya kuangalia taa, breki, matairi na mzigo. Ana haki ya kuzuia gari lisiendelee ikiwa ni hatari kwa watu, ao ikiwa shofere amelewa. Kukiwa ajali yenye watu walioumia, ana haki ya kukupeleka kwa OPJ, na wewe una lazima ya kubaki, kusaidia walioumia na kusema jina lako. Anayekimbia ajali anavunja sheria ya inchi, na anapita kando ya mtu aliyeanguka njiani, kama wale wawili wa mfano wa Msamaria.

Polisi anayefanya mambo haya kwa adabu anafanya kazi ya Mungu kwa ajili ya mema yetu, kama Paulo anavyofundisha Waroma katika sura ya 13. Mtoto anayevuka barabara Kikula kwenda masomo anamhitaji.

Yale ambayo hana haki ya kufanya

Hana haki ya kupokea feza mkononi. Kifungu cha 146 cha sheria ya azabu, Code pénal, kinamwazibu mtumishi wa serikali anayedai kitu ambacho anajua hakidaiwi. Vifungu vinavyofuata, ambavyo sheria nambari 05/006 ya tarehe 29 mwezi wa 3, 2005 iliviongezea nguvu, vinaazibu matabishi. Na hapa kila shofere asikie vizuri: anayetoa anaazibiwa pia, si anayepokea peke yake.

Hana haki ya kupiga mtu kwa sababu ya taa iliyokufa ao karatasi iliyopitwa na siku. Sheria nambari 11/013 ya tarehe 11 mwezi wa 8, 2011, inayopanga polisi ya taifa, inasema kwamba nguvu zinatumiwa tu pale ambapo hakuna njia nyingine, na kwa kiasi kinachohitajika. Kunyang'anya funguo, kuruka ndani ya gari, kushika usukani: hatujui kifungu chochote kinachompa polisi wa barabara ruhusa ya kufanya hivyo kwa kosa la kawaida. Kule Kinshasa wakubwa wa polisi wenyewe wamekataza mambo haya zaidi ya mara moja.

Hana haki ya kukufunga bila kukuambia sababu. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kwamba mtu aliyekamatwa anapaswa kujulishwa sababu ya kukamatwa kwake katika lugha anayoisikia. Kifungu cha 1 cha Katiba ile ile kinataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Basi shofere wa Likasi anayeambiwa mambo kwa Lingala ao kwa Kifaransa na asielewe, ana haki ya kuomba aelezwe kwa Kiswahili. Kuomba hivyo si kiburi.

Kifungu hicho cha 18 kinasema tena kwamba aliyekamatwa ana haki ya kujulisha jamaa yake ao mwanasheria wake mara moja, na kwamba polisi haiwezi kumshika zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya mamlaka ya haki. Saa 48 ni mwisho. Polisi hapewi siku mbili za kumchosha mtu mpaka jamaa walete feza.

Namna ya kusema na kutenda

Haki isiyosemwa vizuri inageuka kuwa ugomvi. Tunashauri hatua hizi.

Simama mahali pasipo hatari, zima mashine, na usalimie wa kwanza. Toa mikanda bila kungojea maneno mengi. Kisha uliza kwa sauti ya chini: «Shefu, naomba uniambie kosa langu ni gani.» Ulizo hili dogo lina nguvu, kwa sababu linarudisha mambo mahali pake. Kama kuna kosa, litatajwa. Kama hakuna, wote waliomo ndani ya taksi watasikia.

Kosa likitajwa na ukaona ni la kweli, likubali: «Ni kweli, shefu. Niandikie PV, nitalipa benki.» Usiseme neno hili kwa kumtega ao kwa kumchekelea. Lisema kama mtu anayetaka kulipa deni lake.

Akikuambia mwende komisaria, sheria haikukatazi kwenda, na mara nyingi ni lazima. Mbele ya kuondoka, piga simu kwa mtu mmoja, useme jina la komisaria mnayokwenda na saa. Shika akilini ao kwenye karatasi jina na nambari iliyo kwenye nguo ya polisi, mahali, na kosa lililotajwa. Kule, omba kuona OPJ mwenyewe, na usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Omba isomwe kwa Kiswahili.

Polisi akishika mlango wa gari ao akiingia ndani, usiondoe gari, na usimsukume. Mtu anaweza kufa kwa mita kumi tu, na hakuna haki itakayomfufua. Afazali upoteze saa moja.

Ukiteswa ao kunyang'anywa, kuna mahali pa kupeleka shitaka. Polisi wa taifa wanahukumiwa na mahakama za kijeshi, ndivyo kifungu cha 156 cha Katiba kinavyopanga. Kwa hiyo shitaka juu ya polisi linapelekwa kwa auditora ya kijeshi. Kuna pia Inspection générale ya polisi yenyewe, na CNDH, tume ya taifa ya haki za binadamu iliyowekwa na sheria ya mwaka 2013. Shitaka lenye tarehe, saa, jina na shahidi mmoja lina uzito kuliko malalamiko ya watu mia wasiotaja kitu.

Kwa nini ni vigumu hivi?

Mtu atasema: haya ni mazuri kwenye karatasi, lakini shofere wa taksi anapaswa kumpelekea mwenye gari feza yake kila jioni. Akipoteza saa tatu komisaria, watoto hawali. Kutoa franka kidogo ni rahisi. Tunaelewa. Yule anayekataa matabishi anabeba garama, na kanisa lisimdanganye kwamba hakuna garama.

Vilevile tuelewe upande wa polisi. Mwaka 2024, gazeti la wachumi linaloitwa American Economic Review lilichapisha uchunguzi juu ya polisi wa barabara wa Kinshasa. Kati ya watafiti walikuwa Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca na Albert Malukisa Nkuku. Waliona kwamba mapato ya kikosi hicho yalikuwa mara tano ya yale yaliyotoka kwenye amandi, na kwamba yalitoka kwenye mapatano kati ya polisi wa barabarani, wakubwa wao na OPJ, ili kuwakamua mashofere. Polisi wa chini alipewa hesabu ya mashofere wa kuleta komisaria. Uchunguzi huo ni wa Kinshasa, na hesabu zake hazisemi juu ya Likasi. Lakini unatufundisha mambo mawili. Kwanza, yule anayetusumbua kwenye jua mara nyingi naye anasumbuliwa na mtu aliye kivulini. Pili, kufika komisaria peke yake hakutoshi, kwa kuwa hata pale mkono wa kuamua unaweza kujigeuza mkono wa kupokea. Ndiyo sababu tunasisitiza risiti ya benki.

Neno la Mungu linasema nini?

Katika Luka sura ya 3, watu walimfuata Yohana Mbatizaji kule Yordani wakimuuliza wafanye nini. Kati yao walikuwa watoza kodi na askari. Yohana hakuwaambia waache kazi zao. Aliwaambia watoza kodi wasitoze kuzidi kiasi kilichowekwa, na askari wasimnyang'anye mtu kwa nguvu wala kwa kumsingizia, wakatosheke na mshahara wao. Maneno hayo yanamfikia rulaji wa Likasi bila kubadilisha kitu. Toba yake si kuvua nguo ya kazi. Toba yake ni kufanya kazi ile ile kwa mikono safi. Na serikali inayomlipa kidogo isikie pia, kwa sababu mtu anayeambiwa atosheke na mshahara wake anapaswa kuwa na mshahara.

Kwa shofere, tumtazame Paulo. Katika Matendo sura ya 22, askari walikuwa wamekwisha kumfunga ili wampige. Hakupiga kelele, hakutukana. Alimuuliza tu akida kama sheria inaruhusu kumpiga raia wa Roma asiyehukumiwa. Ulizo moja, na wale waliotaka kumpiga wakaondoka upesi. Paulo aliijua haki yake, na hakuona kwamba kuitumia ni kukosa imani.

Lakini tusome mpaka sura ya 24. Liwali Feliki alikuwa akimwita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa feza. Paulo hakutoa. Akabaki kifungoni miaka miwili. Mtume alijua kuuliza, na alijua pia kungoja. Shofere mkristo anahitaji yote mawili.

Tuanze nyumbani mwetu

Si kila mara polisi ndiye anayeanza. Shofere asiye na asiransi, ambaye permi yake ni ya kununua bila kufundishwa, anayebeba watu sita mahali pa watu wane, ndiye mara nyingi anayekunja noti ndani ya karte roze mbele ya kuulizwa. Mikanda isiyo kamili ndiyo mlango ambao matabishi yanaingilia. Na asiransi si karatasi ya kumnyamazisha polisi. Ni ya lazima katika inchi yetu tangu sheria ya mwaka 1973, ili yule mama atakayegongwa asiachwe bila msaada. Kuendesha bila asiransi ni kuweka hatari yetu juu ya mgongo wa jirani. Mwenye gari anayeketi nyumbani na kumtuma shofere bila mikanda anashiriki zambi hiyo, hata kama ni mzee wa kanisa.

Parokia zetu zinaweza kufanya mambo ambayo mtu mmoja hawezi. Siku moja ya Posho, tualike mwanasheria na ofisa wa polisi waje pamoja kueleza sheria kwa Kiswahili mbele ya mashofere na manseba. Tuwe na sanduku dogo la kukopesha shofere aliyekataa matabishi na anayehitaji kulipa amandi ya kweli benki, ao aliyepoteza siku yake komisaria. Tuwe na watu wawili wanaojulikana, wenye simu iliyo wazi, ambao shofere anaweza kuwaita ili wasindikizwe kwa OPJ. Mbele ya shahidi mambo yanakwenda vizuri zaidi. Wachungaji wa makanisa mbalimbali waende pamoja kwa mkubwa wa polisi, si kwa kushitaki tu, bali kwa kusikia pia taabu za watu wake. Na jamaa za polisi walio kati yetu tusiwatenge. Mtu anayejaribu kuacha matabishi anahitaji ndugu wa kumshika mkono, maana wakubwa wake hawatafurahi.

Inchi yetu imezoea kucheka na ile «Article 15», kifungu kisichoandikwa popote kinachomwambia kila mtu ajitafutie njia. Tumekicheka mpaka kimekuwa sheria yetu ya kweli barabarani. Tujifunze sasa vifungu vilivyoandikwa. Shofere anayesema kwa heshima «niandikie PV, nitalipa benki», na polisi anayeandika bila kunyoosha mkono, hao wawili wanaweza kuja mbele ya meza ya Bwana na kutazamana usoni.

Bwana awalinde wote mnaosafiri, na wote mnaosimama kwenye jua kulinda barabara. Amina.